Betri ya Baisikeli ya Umeme Ikikataa Chaji



Siku hizi baisikeli za umeme zimeanza kuonekana hata vijijini. Katekista aendaye vigango vya mbali, mwalimu, mchuuzi wa samaki, wote wazitamani, maana mlima haumtoi mtu jasho. Lakini roho ya chombo hicho ni betri, tena mara nyingi ndiyo yenye bei kubwa kuliko kitu kingine chochote kilichomo. Basi siku inapokataa kupokea umeme, mwenye nyumba hushikwa na hofu, na hakosekani mtu wa kumwambia, "Hii imekufa, nunua nyingine." Usiharakishe kutoa fedha ya ada za watoto. Mara nyingi betri haina kosa lolote.

Anza mbali na betri. Chomeka simu au taa katika soketi ile ile uone kama umeme upo. Ukitumia waya mrefu wa kuunganishia, uondoe, uchomeke chaja ukutani. Wenye sola wasome maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja. Chaja ya betri ya volti 36 itoayo ampea 2 yapeleka hadi wati 84, na yenyewe yala zaidi kidogo, karibu wati 100. Mtambo mdogo wa taa tatu na redio hauwezi mzigo huo. Hapo betri si mgonjwa, ina njaa tu.

Kisha itazame taa ya chaja. Chaja nyingi huwaka nyekundu zikiwa kazini, na kijani zikimaliza. Isipowaka kabisa, na soketi ina umeme, kosa ni la chaja au waya wake. Ikiwaka kijani hali betri ni tupu, umeme hauingii ndani: chaja hiyo huwaka kijani hata isiposhikwa na kitu. Kwa hiyo chunguza tundu la betri kwa tochi, chaja ikiwa imechomolewa. Tazama vumbi, kutu, na pini iliyopinda. Katekista mmoja wa huku kwetu alikwisha kuambiwa anunue betri mpya. Kumbe wakati wa masika nyigu alijenga kwa udongo ndani ya tundu, maana kifuniko cha mpira kilikuwa kimepotea. Kijiti kikavu na mswaki mkavu vilitosha. Nasema kijiti, si msumari wala sindano! Chuma kikigusa pini mbili pamoja huleta cheche na hasara.

Kama fyuzi yafikika kwa nje, itazame. Ikiwa imekatika, tia nyingine yenye namba ile ile. Mtu atiaye waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi ajua mwenyewe anachokitafuta.

Hatua ifuatayo ni ya fundi redio mwenye mita. Apime umeme utokao katika chaja: ya betri ya volti 36 yapasa kuonyesha 42 hivi, na ya volti 48 ya lithiamu mara nyingi 54.6. Pakiwa chini sana, umepona, maana chaja ni rahisi kuliko betri. Lakini nunua yenye namba zile zile na ya aina ile ile. Usiazime ya jirani kwa sababu tu plagi yake yaingia. Ziko betri za lithiamu, ziko na za risasi na asidi, ambazo utazijua kwa uzito wake, na chaja zake ni mbalimbali.

Lililobaki ni joto. Ndani ya betri ya lithiamu mna kibao kidogo cha ulinzi, nacho hufunga mlango betri inapopata moto mno, kwa kawaida kuanzia nyuzi 45 hivi. Baisikeli iliyoshinda juani ipumzishe kivulini saa moja au mbili, ndipo uichaji.

Kibao hicho hicho hufunga mlango betri ikikaa tupu miezi mingi, na hapo ndipo pa kuacha. Wako mafundi wafunguao betri na kuipitishia umeme kando ya mlinzi. Usikubali. Seli zilizokaa tupu muda mrefu huharibika ndani, na zikilazimishwa zaweza kushika moto. Betri iliyovimba, inayovuja, yenye harufu kali au iliyozama majini isichajiwe tena kamwe; itoke nje, mbali na mapaa ya nyasi. Katika jiji la New York, Marekani, mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za namna hii. Nao wana magari ya zimamoto. Sisi tuna ndoo.

Hapa nasema na akina baba. Najua kwa nini betri hulazwa chumbani ikichajiwa usiku: ni wezi. Lakini wengine huiweka chini ya kitanda cha watoto, au mlangoni, na moto ukizuka pale hakuna wa kutoka. Ichaji mchana, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au udongo, mbali na mkeka, godoro na njia ya kutokea. Usiku iingize ndani ikiwa imechomolewa. Ikitoa moshi, watoe watu kwanza, baisikeli iache.

Na kama masika yataifungia baisikeli ndani, betri ya lithiamu iache imejaa nusu, uitazame kila mwezi na kuiongeza kidogo. Ile ya risasi iache imejaa kabisa, maana yenyewe hufa upesi ikilala tupu.