Ukibadilisha gari, bonusi yako ya asiransi inaenda wapi?

Kwa karibu nusu karne, mwenye gari katika Congo alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha hodi akitaka asiransi: SONAS, kampuni ya serikali iliyopewa ukiritimba mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo, na kuanzia 2019 makampuni ya watu binafsi yakaanza kupata ruhusa ya kufanya kazi kutoka ARCA, mamlaka inayosimamia mambo ya bima nchini. Sasa dereva anaweza kuuliza bei hapa, kulinganisha na pale, kukataa na kwenda kwingine.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho wateja wengi hawakibebi wanapohama: miaka yao. Dereva amekaa miaka 5 bila kugonga mtu, bila kudai hata franka moja. Anauza Corolla yake, ananunua Noah, anaingia kwenye biro ya asiransi na kuandikwa kama mtu aliyepata permi jana. Hakuna aliyemwibia kitu mfukoni, kwa hiyo hapigi kelele. Analipa, anabandika karatasi kwenye kioo, anaenda.

Miaka hiyo ina bei, na bei yake inaitwa bonusi. Kampuni ya asiransi inampunguzia mteja kila mwaka unaopita bila ajali yenye kosa lake. Akisababisha ajali, punguzo linapungua ao linageuka kuwa nyongeza, yaani malusi. Wazo ni rahisi: mtu anayeendesha vizuri asilipe sawa na yule anayegonga kila msimu wa mvua.

Ili kuelewa kwa nini bonusi inaweza kutoka gari moja kwenda lingine, inafaa kuona bei ya asiransi inatoka wapi. Sehemu moja inatokana na gari lenyewe: nguvu ya mota, umri, thamani, kazi yake (kubeba familia, kubeba abiria, kubeba mizigo). Sehemu ya pili inatokana na mtu anayeshika usukani. Ukibadilisha gari, sehemu ya kwanza inabadilika, na ni haki ibadilike. Ya pili haina sababu ya kubadilika. Mikono ni ileile, macho ni yaleyale.

Mikataba yetu ya asiransi imeandikwa kwa Kifaransa na maneno yake mengi yanatoka huko, kwa hiyo tuangalie kwanza jinsi Ufaransa inavyofanya. Kule, tangu 1976, bonusi na malusi ya gari vinafuata kanuni moja kwa makampuni yote. Dereva anaanza na nambari 1. Kila mwaka bila ajali yenye kosa lake, nambari hiyo inazidishwa na 0,95. Baada ya mwaka mmoja inakuwa 0,95, baada ya miwili 0,90, baada ya mitano 0,76. Inahitaji miaka 13 kufikia 0,50, nusu ya bei, na hapo ndipo mwisho wa kushuka. Ajali moja yenye kosa lako lote inazidisha nambari na 1,25. Mtu akirudia makosa anaweza kupanda hadi 3,50, lakini hawezi kuzidi hapo.

Kanuni hiyo inasema pia jambo linalotuhusu: gari likibadilishwa, nambari inahamia gari jipya moja kwa moja, mradi dereva wa kawaida ni yuleyule. Hata akinunua gari la pili na kubaki na la kwanza, bonusi inahesabiwa kwa yote mawili. Uingereza wanafanya tofauti. Kila kampuni inapanga punguzo lake, na kwa kawaida miaka yako bila madai inatumika kwa gari moja tu kwa wakati mmoja. La pili linaanza hesabu yake. Tena, ukikaa bila asiransi zaidi ya miaka 2, makampuni mengi ya Uingereza hayaitambui tena. Ndugu zetu walio London wanalijua hilo vizuri, hasa wale wanaouza gari, wanarudi nyumbani muda mrefu, kisha wanapofika tena wanaambiwa waanze sufuri.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu, kwa sababu ni hapa ugomvi mwingi kwenye kaunta unapoanzia. Tuseme gari la zamani lina bei ya msingi ya dola 300 kwa mwaka, na dereva ana nambari 0,76. Analipa dola 228. Ananunua gari kubwa zaidi ambalo bei yake ya msingi ni dola 450. Bonusi ikihama naye, atalipa dola 342. Atatoka akilalamika: « Wamenikula bonusi, nililipa 228, leo wananidai 342! » Hapana, bonusi iko. Bila hiyo angelipa 450. Lakini mwenzake aliyenunua gari dogo anaweza kulipa dola 228 zilezile, akafurahi, huku bonusi yake imefutwa kabisa na gari dogo ndilo lililoshusha bei. Jumla peke yake haikuambii kitu. Omba wakuandikie mambo mawili tofauti: bei ya msingi ya gari, na punguzo linalotokana na historia yako. Ajenti asiyeweza kutenganisha hayo mawili ana jambo la kueleza.

Kwetu mashariki, kifundo cha kwanza hakiko hata kwenye biro ya asiransi. Kiko kwenye jina. Magari mengi yanatembea na karte roze ya mtu mwingine: muuzaji aliyehama, shemeji aliyeko Dubai, mkubwa wa familia aliyetoa feza. Mutasyo, yaani kubadilisha jina la mwenye gari kwenye karatasi za serikali, inaahirishwa mwaka hata mwaka kwa sababu ya gharama na safari za biro kwa biro. Wengi wananunua gari pamoja na asiransi iliyobaki kwenye kioo, na mwaka unapoisha wanaenda kuilipia tena kwa jina lilelile la zamani. Polisi wa barabarani anaangalia tarehe, anarudisha karatasi, safari inaendelea.

Matokeo yake ni kwamba unamjengea mtu mwingine bonusi. Miaka yako 5 ya kuendesha kwa uangalifu kati ya Bukavu na Uvira imeandikwa kwa jina la bwana ambaye hujui hata anakaa wapi. Na hilo ndilo dogo. Siku ya ajali kubwa, kampuni itauliza mkataba ni wa nani na gari lilikuwa la nani siku hiyo. Ufaransa, gari likiuzwa, mkataba wake wa asiransi unasimama usiku wa manane siku ya mauzo yenyewe. Mnunuzi hawezi kuendesha juu ya asiransi ya muuzaji. Kabla ya kutegemea karatasi ya mtu mwingine kwenye kioo chako, soma mkataba wako unasema nini kuhusu mauzo ya gari.

Kwa familia zenye gari moja na madereva watatu, swali ni jina gani liandikwe kama dereva wa kawaida. Baba ndiye mwenye karte roze, lakini mtoto ndiye anayezunguka nalo mchana kutwa. Wengi wanaandika jina la baba kwa sababu ana bonusi nzuri. Ni uongo mdogo ambao kila mtu anauona wa kawaida, mpaka kampuni inapoukuta kwenye ripoti ya ajali. Na mtoto, siku atakaponunua gari lake, hatakuwa na historia hata ya mwaka mmoja, ingawa ameendesha miaka 8.

Kuna pia aina ya asiransi. Katika Congo, asiransi ya lazima, tangu sheria ya 1973, ni ile inayolipa madhara unayowafanyia wengine. Haitengenezi gari lako. Kenya na nchi nyingine jirani, punguzo la kutodai linaambatana zaidi na asiransi kamili, ile inayolipa hata gari lako, na mwenye asiransi ya chini hapati kitu. Ufaransa, bonusi inagusa hata sehemu ya lazima. Kwa hiyo anayekuahidi « bonusi » kwenye kaunta anapaswa kukuambia inahesabiwa juu ya sehemu gani ya bei. Punguzo kubwa juu ya kipande kidogo ni maneno matamu tu.

Wafanyabiashara wanaovuka Kasindi kwenda Uganda, ao wanaoshuka Bujumbura, wanauliza kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo inafanya kazi yake: inakulinda dhidi ya madai ya watu unaowaumiza katika nchi wanachama, kufuata sheria ya nchi uliyoko. Haina bonusi ndani yake na haihamishi historia yako. Lakini ajali yenyewe inahama vizuri sana. Ukigonga mtu Kampala, biro ya kule inashughulikia madai, kisha inamdai aliyekutolea kadi nyumbani. Faili yako inajua. Mazuri yako yanasimama mpakani, makosa yako yanavuka. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bado dereva anayehamia Kampala ao Kigali hawezi kutegemea kwamba kampuni ya kule itaheshimu miaka yake ya hapa.

Ulaya walikutana na tatizo hilohilo wakalitatua kwa karatasi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dereva akiomba, kampuni inapaswa kumpa ndani ya siku 15 karatasi inayoonyesha madai yake ya angalau miaka 5 iliyopita, ao kwamba hakuna madai. Mwaka 2021 waliongeza kwamba kampuni isimbague mteja kwa sababu ya uraia wake ao kwa sababu tu historia yake inatoka nchi nyingine ya umoja huo. Mkongomani anayetoka Bruxelles kwenda kuishi Lyon anasafiri na karatasi hiyo kwenye begi.

Na hapa ndipo jambo hili linaacha kuwa la wenye magari wenye bahati tu. Historia ya dereva wa Congo ikikaa kwenye drowa ya biro peke yake, inakufa na biro. Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katika Februari, watu walikimbia na watoto na nguo. Benki za Goma zilifunga milango. Dereva wa teksi aliyefika Kisangani ao Lubumbashi akaanza kutafuta kazi na gari lingine, atathibitisha vipi kwamba ameendesha miaka 10 bila kuua mtu? Kwa neno lake? Kwake yeye, karatasi hiyo si ya kupunguziwa dola chache tu. Mwenye gari anayemkabidhi funguo angependa kuiona pia.

Makampuni yana hoja yao, na si ya upuuzi: karatasi za kughushi ni nyingi, na mteja anayedai « sijawahi kugonga » hawezi kuaminiwa kwa macho tu. Kweli. Lakini dawa ya karatasi ya kughushi ni kampuni kuweza kuulizana na kampuni nyingine, si kumrudisha kila mteja sufuri. Hapo ARCA ina kazi ya kufanya: sura moja ya karatasi ya historia kwa makampuni yote, siku maalumu za kuitoa, na mahali pa kuihakikisha kwa nambari ya mkataba. Ni kazi ya gharama ndogo ikilinganishwa na feza zinazozunguka katika soko hili. Nina mashaka, lakini, kama makampuni yataisukuma yenyewe. Mteja asiye na historia ni mteja anayelipa bei kamili, na mteja ambaye historia yake iko kwako peke yako hana haraka ya kuondoka.

Kwa sasa mzigo uko kwa dereva. Anayetaka kuuza gari aombe karatasi yake kabla ya kukabidhi funguo, maana baada ya hapo mkataba utakuwa umefungwa na ajenti hana tena sababu ya kukupendeza. Karatasi iwe na mhuri wa kampuni, nambari ya mkataba, nambari ya gari, jina la aliyelipa na jina la dereva wa kawaida, tarehe mkataba ulipoanza na ulipoisha, na ajali zote zenye tarehe zake na nani alikuwa na kosa. Kama hakuna ajali, neno « hakuna » liandikwe; nafasi tupu inaweza kujazwa na mtu mwingine. Piga picha, itume kwa ndugu aliye mji mwingine. Kwa mnunuzi, andikeni tarehe na saa ya mauzo kwenye hati, kwa sababu ajali ya jioni ya siku hiyohiyo itatafuta mwenyewe, na bonusi itakayoguswa itategemea saa hiyo.