Gitaa la Fundi Wetu: Tusilidharau, Tusilipambe



Kila panapotajwa gitaa lililoundwa kwa mkono hapa kwetu Katanga, watu hugawanyika mara moja katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hucheka. Husema kuwa gitaa la fundi wa mtaani ni sanduku lililofungwa nyuzi, na kwamba chombo cha kweli hutoka kiwandani, ng'ambo, kikiwa na jina la kampuni kichwani. Kambi ya pili hukasirika. Husema kuwa gitaa la mkono lina roho na la mashine halina, na kwamba kila alikosoaye ni mtumwa wa mambo ya kigeni. Tumezisikiliza kambi zote mbili kwa muda mrefu, na leo hatuna budi kusema waziwazi kuwa zote mbili zimekosea. Tena kosa lao ni moja: wote huhukumu kabla ya kulisikiliza gitaa lenyewe.

Jambo hili si la mzaha. Kikundi cha muziki cha shule yetu kilipopata fedha za kununua magitaa mawili, walimu tulikutana kushauriana. Mwenzetu mmoja alileta gitaa lililopinda shingo, akaliweka mezani liwe ushahidi dhidi ya mafundi wote. Mwingine akasimama na kutukumbusha kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mchana kutwa tulibishana. Hakuna aliyeuliza ubao ulikaushwa kwa muda gani, wala shingo ilipimwa vipi. Mkutano ukavunjika, fedha zikarudi sandukuni, na wanafunzi wakaendelea kungoja.

Tuanze na wenye dharau. Hoja yao kuu ni mbao. Wanadai kuwa miti ya kwetu, kama vile mninga, hufaa kwa milango na vitanda tu, na kwamba gitaa bora lazima liwe na ubavu na mgongo wa mti wa thamani kutoka mbali. Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Mwaka 1862, huko Hispania, fundi mashuhuri Antonio de Torres aliunda gitaa ambalo ubavu na mgongo wake vilikuwa vya karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Uso peke yake ndio uliokuwa wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kuwa sauti ya gitaa hutoka hasa usoni, yaani katika ule ubao wa mbele wenye tundu, na katika fito nyembamba zilizobandikwa kwa ndani ili kuushikilia.

Atakayesema kuwa hayo ni ya kale, na azingatie ya juzi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Ziliundwa gitaa sita zilizofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na ubavu. Mingine ilikuwa ya bei kubwa, mingine ya bei ya kawaida. Wapigaji 52 walizijaribu katika chumba chenye giza, wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji vyuma ili wasione walichokishika. Alama walizozipa gitaa hizo zilikaribiana sana, na mti ghali haukujitenga na mti rahisi. Basi, anayelikataa gitaa kwa sababu mgongo wake ni wa mninga, anahukumu kwa macho jambo la masikio.

Lakini wenye kusifu wasishangilie mapema, kwa maana zamu yao imefika. Ikiwa uso ndio wenye sauti, basi fundi anayeuunda kwa ubao mnene na mzito ameiziba sauti tangu mwanzo, hata kama mikono yake ina baraka zote za mababu. Na ikiwa ameunganisha mbao mbichi wakati wa masika, gitaa lake litapasuka au kupinda kiangazi kitakapofika. Nasi hapa Lubumbashi twajua vema jinsi kiangazi chetu kilivyo kirefu na kikavu. Ubao hauulizi fundi ni ndugu ya nani.

Tena kuna jambo la vipimo. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ambavyo mafundi huviita freti, havipangwi kwa kukisia. Urefu wa uzi, tangu kile kijipande cha juu kinachoupitisha hadi darajani, hugawanywa kwa 17.817, na jibu ndilo nafasi ya freti ya kwanza. Urefu uliosalia hugawanywa hivyo hivyo kupata freti ya pili, na kuendelea. Kwa uzi wa sentimita 65, freti ya kwanza huwa karibu sentimita 3.65 kutoka juu, na ya kumi na mbili huwa katikati kabisa, sentimita 32.5. Fundi akikosea milimita mbili tatu, hakuna roho itakayomwokoa. Kila sauti ipigwayo hapo itakuwa ya uongo.

Wapo watakaotuuliza uongo huo unamdhuru nani. Tutawajibu kwa aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyependa muziki kuliko chakula. Kila jioni alikaa na gitaa lake, nasi kila jioni tulimwambia kuwa sauti zake hazilingani. Mwishowe tulimwambia kuwa huenda hana sikio la muziki, aelekeze bidii yake kwingine. Akatii. Baada ya muda gitaa lile liliangukia mikononi mwetu. Tukalipima kwa rula, tukakuta freti zake zimepotoka kuanzia ya tano kwenda chini. Mtoto alikuwa na sikio zuri. Gitaa ndilo lililokuwa halina. Nasi tulioitwa walimu hatukuwa na desturi ya kupima. Tulilinunua gitaa lile kwa fundi wa jirani, tukanyamaza kuhusu kasoro zake kwa kuwa tulidhani kumkosoa mtu wetu ni usaliti. Malipo ya unyamavu wetu aliyalipa mtoto.

Ndiyo maana twasema kuwa sifa zisizopimwa ni dharau iliyovaa nguo za sikukuu. Anayemcheka fundi amemwona si kitu. Anayemsifu bila kumpima amemwona kama mtoto asiyeweza kufundishika. Wote wawili wamemnyima kile anachokihitaji, yaani mteja anayejua, anayerudisha kazi mbaya na kuilipa vizuri kazi njema. Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Haikusema kuwa asiyejua kucheza naye atunzwe.

Sisi walimu wa Kiswahili wa nchi za jirani tulipaswa kulielewa jambo hili kabla ya watu wengine wote, kwa sababu lugha yetu imekwisha kutendewa hayo hayo. Mara ngapi tumeambiwa kuwa Kiswahili cha Katanga ni kibovu, na aliyesema hivyo hakungoja hata kusikia sentensi ya pili? Na mara ngapi tumejibu kwa kudai kuwa kila tusemalo ni sahihi kwa kuwa ni letu? Tumkumbuke Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alirekodi wimbo wake Masanga. Baadaye, kuanzia mwaka 1961, mtaalamu David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji wake, akiandika sauti moja baada ya nyingine. Heshima hiyo haikutokana na huruma wala uzalendo. Watu walisikiliza, wakapima, wakakuta kazi imetimia.

Kwa hiyo twatoa rai hii kwa shule zetu zote. Kabla ya kununua gitaa, liwe la fundi au la kiwanda, na tufanye majaribio matatu. Kwanza, tutazame shingo kwa urefu wake, kama seremala atazamavyo ubao alioupiga randa, tuone kama imenyooka. Pili, tuguse uzi kwa wepesi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuukandamiza, tuupige. Kisha tuukandamize hapo hapo, tuupige tena. Sauti mbili zikitofautiana, chombo kina kasoro. Tatu, mmoja wetu apige huku wengine wamegeuka nyuma, wasione anapiga gitaa gani. Gitaa la fundi likishinda, tulinunue bila kuomba radhi. Likishindwa, tumrudie fundi, tumwonyeshe kosa kwa rula, na tumpe nafasi ya kulisahihisha.

Tena kuna kazi moja ambayo hakuna atakayetufanyia. Karakana za mafundi wetu zimejaa maneno ya Kiswahili yasiyopatikana katika kamusi: majina ya fito, ya viungo, ya aina za sauti. Mwalimu aendaye kulipima gitaa na achukue daftari. Aulize, "Fundi, hiki mwakiitaje?" Kisha aandike kama alivyosikia.

Fedha za kikundi chetu bado zimo sandukuni. Safari hii tutakwenda na rula.