Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji, kama umekulia Bukoba au Muleba, huhitaji kufundishwa kwamba taa huvuta wadudu. Mwezi wa Novemba, msimu wa senene unapowadia, nani asiyezijua taa kali ziwakazo usiku, na mabati yanayowatelezesha senene hadi ndani ya pipa? Wataalamu wa nondo hutumia maarifa hayo hayo: hutundika shuka jeupe, huwasha taa mbele yake, kisha huandika kila anayetua.

Vipepeo huhesabiwa mchana. Mtaalamu hufuata njia moja kwa mwendo wa polepole, akiandika kila amwonaye. Wale wakaao juu mitini hushushwa kwa ndizi zilizochacha, zilizowekwa ndani ya mtego wa chandarua, kwani wapo vipepeo wapendao maji ya matunda yaliyooza kuliko maua.

Hazina yetu kubwa ni msitu wa Minziro, kaskazini ya Bukoba, wilayani Missenyi, mpakani na Uganda. Una ukubwa wa takriban kilometa 250 za mraba, na sehemu zake hufurika maji ya mto Kagera. Viumbe wake ni ndugu wa wale wa misitu ya Kongo. Wamo vipepeo na ndege wasiopatikana kwingineko nchini Tanzania.

Lakini viwavi wengi hula majani ya mimea ya aina chache tu. Mimea hiyo ikikatwa, kipepeo hutoweka kimya kimya, na kama hakuandikwa, hakuna atakayejua kwamba ametoweka. Ndiyo sababu hesabu hurudiwa mahali pale pale, majira yale yale, mwaka hadi mwaka.

Usiseme kazi hii haikuhusu wewe ukaaye mjini. Hata maua ya mpapai ulioko uani huchavushwa na nondo warukao wakati wa magharibi. Basi, wazazi, jioni moja kila mwezi tundikeni shuka barazani, muwashe taa kwa nusu saa. Watoto waandike tarehe, hali ya hewa, rangi na idadi ya nondo. Msiwaue, zimeni taa, waende zao.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwausia wafanyabiashara, lakini msitu nao ni mali, na daftari lake bado lina kurasa nyingi tupu.