Maji yanayokataa povu: mzazi ayapimeje, na aogope nini

Wazazi wa Handeni wanayajua maji kwa ladha. Kuna ya bomba, kuna ya lambo, kuna ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki, na kuna ya kisima kirefu ambayo mtoto akiyaonja anakunja uso. Haya ya mwisho yana sifa mbaya mtaani. Sabuni haitoi povu, birika la chai linaota utando mweupe, na maharage yanakula mkaa wa kutwa nzima bila kulainika. Kwa hiyo mama mwenye dumu moja la kisima na moja la lambo mara nyingi hufanya uamuzi unaoonekana wa busara: ya kisima yaende kuoshea vyombo, ya lambo, "matamu", yaende kwenye mtungi wa kunywa.

Kiafya uamuzi huo mara nyingi uko kinyume. Maji ya lambo ni laini kwa sababu ni ya mvua iliyotiririka juu ya ardhi, ikapita malishoni na kwenye njia za ng'ombe kabla ya kutuama. Ya kisima ni magumu kwa sababu yamekaa muda mrefu chini yakiyeyusha madini ya miamba. Sabuni inapenda ya kwanza. Tumbo la mtoto wa miaka miwili lina sababu nzuri ya kupenda ya pili, kama kisima kimefunikwa vizuri na hakiko jirani na choo.

Kinachofanya maji yaitwe magumu ni kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu ndiyo ile ile iliyomo kwenye chokaa, ganda la yai, konokono na matumbawe ya bahari ya Tanga. Sabuni ya mche ikikutana nayo inashikana nayo na kuwa utando mzito wa kijivu, ule unaobaki kwenye beseni. Povu linakuja pale tu kalsiamu yote inapokwisha kushikwa, ndiyo maana mche mmoja unaisha haraka kuliko kwa jirani anayetumia maji ya mvua.

Kupima nyumbani kunawezekana, na kwa gharama ya sabuni tu. Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia wa Aberdeen huko Scotland, alitumia sabuni kupimia ugumu wa maji, na njia yake inafanyika hata jikoni Korogwe. Paruza sabuni ya mche kijiko kimoja cha chai, iyeyushe kwenye nusu lita ya maji ya mvua ya uvuguvugu. Chukua chupa mbili zinazofanana za maji ya kunywa, zilizosuuzwa vizuri. Moja tia nusu kikombe cha maji ya mvua, nyingine nusu kikombe cha maji unayoyapima. Ongeza yale maji ya sabuni kijiko kimoja kimoja, funga, tikisa kwa nguvu, subiri. Hesabu vijiko mpaka povu likae dakika 5 bila kuzama. Kama ya mvua yametaka kijiko kimoja na ya kisima yametaka saba au nane, jibu umelipata.

Usitumie sabuni ya unga. Hiyo imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu, itakudanganya.

Anayetaka namba anahitaji kifaa cha matone. Ni kichupa cha dawa unachodondosha kwenye kipimo cha maji yaliyotiwa rangi, mpaka rangi igeuke kutoka nyekundu au waridi kuwa bluu, halafu unazidisha idadi ya matone kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Suuza kichupa cha kupimia kwa maji yale yale unayopima, siyo kwa sabuni. Angalia tarehe ya mwisho ya dawa. Dondosha kichupa kikiwa wima, maana tone la chupa iliyolala si sawa na la chupa iliyosimama. Na soma kama kifaa kinapima kalsiamu peke yake au ugumu wote pamoja na magnesiamu, kwa sababu watu wengi huchanganya majibu hayo mawili. Kalsiamu ya miligramu 80 kwa lita, ukizidisha kwa 2.5, ni ugumu wa 200. Kwa kawaida ugumu chini ya 60 huitwa laini, na juu ya 180 mgumu sana.

Hapa pana tahadhari kwa wanunuzi wa mtandaoni. Vifaa vingi vya kupimia kalsiamu vinavyoonekana kwenye simu vimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya vioo sebuleni. Maji ya bahari yana kalsiamu kiasi cha miligramu 400 na kidogo kwa lita, na mfugaji anapima kila wiki kwa sababu matumbawe yanaila kalsiamu hiyo kujenga mifupa yao. Kwa kazi hiyo tone moja linaweza kumaanisha miligramu 20, na inatosha. Kwa kisima chenye miligramu 50 au 60 ni sawa na kupima uzito wa kichanga kwa mizani ya gunia. Tena, karatasi yake ikikuambia kalsiamu yako iko chini mno, inazungumzia matumbawe, haizungumzii mwanao.

Sasa hofu zenyewe, maana ndizo zinazowafanya wazazi wapime.

Ya kwanza ni mawe ya figo. Imani kwamba maji ya chokaa yanajenga mawe tumboni imeenea mno, na inaeleweka: mtu anaona birika limeota ukoko anafikiri figo nazo zinaota. Mwili haufanyi kazi kama birika. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Italia uliofuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 waliokuwa na tatizo la mawe kurudi mara kwa mara. Nusu walipunguziwa vyakula vya kalsiamu. Nusu nyingine waliachiwa kalsiamu ya kawaida wakapunguza nyama na chumvi. Waliorudiwa na mawe walikuwa 23 kundi la kwanza, na 12 kundi la pili. Sababu mojawapo ni kwamba kalsiamu iliyomo kwenye chakula inashika oksaleti tumboni na kutoka nayo chooni kabla haijafika kwenye figo. Hatari kubwa kwa mtu wa nchi yenye joto ni kunywa maji machache. Mtoto anayekwepa maji ya kisima kwa sababu ya ladha, akacheza juani mpaka mkojo ukawa wa njano iliyokolea, ndiye wa kumwangalia. Shirika la Afya Duniani, WHO, halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji ya kunywa.

Ya pili ni ngozi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi huoshwa kwa maji magumu, anajikuna, lawama zinaenda kwenye maji. Uingereza walilijaribu hili kwa watoto 336, wakafunga mitambo ya kulainisha maji kwenye nyumba za nusu yao kwa wiki 12. Matokeo yaliyochapishwa 2011 hayakuonyesha nafuu ya ziada kwa waliofungiwa mitambo. Sabuni inayobaki kwenye ngozi kwa kutosuuzwa vizuri inaweza kuwasha, kwa hiyo punguza sabuni, suuza zaidi, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Ya tatu ni meno ya kahawia. Hayo hayaletwi na kalsiamu. Ni floridi, madini mengine kabisa, yanayofahamika sana Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haionekani kwa povu wala kwa matone ya kalsiamu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki, kwa hiyo inakolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kwa miaka mingi kimeshughulika na kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Kama watoto kadhaa wa kijiji kimoja wana madoa yanayofanana kwenye meno ya kudumu, hilo ni suala la maabara na la kijiji kizima.

Kisha kuna hofu ya nne, na hii ndiyo inayoumiza watoto. Baadhi ya wazazi huacha kuchemsha maji ya kisima kwa sababu baada ya kuchemka yanakuwa na chembe nyeupe zinazoelea, nao huamini moto umeyaharibu au umeyatolea sumu. Ukweli ni kwamba moto umeyalainisha. Kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka imegeuka kuwa chokaa na kujitenga, sehemu inazama chini, sehemu inaganda ukutani mwa sufuria. Haina madhara. Acha maji yatulie, mimina ya juu kwenye chombo safi chenye mfuniko, mwaga ya chini. Mwenye shaka akwangue gamba hilo kidogo, alidondoshee ndimu mbele ya watoto: litatoa mapovu na kuyeyuka, kama ganda la yai lifanyavyo. Kwa ndimu hiyo hiyo, au siki, birika husafika, likasuuzwa na kazi ikaendelea. Kuharisha, homa ya matumbo na kipindupindu havisubiri mtu amalize kubishana kuhusu chembe nyeupe.

Ugumu mwingine hauondoki kwa kuchemsha, nao ndio unaobaki kusumbua sabuni. Hauzuii maji kunyweka.

Wapo wanaouliza upande wa pili: basi maji magumu yanampa mtoto kalsiamu ya kutosha? Yanasaidia kidogo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji kama miligramu 500 kwa siku, na kijana wa kuanzia miaka 10 kama 1,300. Lita moja ya maji yenye miligramu 80 ni nyongeza nzuri, lakini haiwezi kushika nafasi ya kikombe cha maziwa, chenye karibu 300, wala ya dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye uji au mboga ya mtoto ni kalsiamu ya bei nafuu kuliko vidonge vinavyotangazwa redioni.

Maharage ni malalamiko halali. Kalsiamu ya maji inakaza ngozi na nyama ya haragwe, lisilainike. Magadi yanasaidia, ila yanaongeza chumvi ya sodiamu na kuharibu sehemu ya vitamini B1, kwa hiyo bibi mwenye presha asile maharage ya magadi kila siku. Njia bora ni kuyaloweka usiku kucha na kuyapikia maji ya mvua, kama yapo. Kama kuna ndoo moja tu ya maji laini nyumbani, kwenye sufuria ya maharage ndiko inakookoa mkaa.

Huduma ya bomba nayo inabadilika. Bomba kuu la Handeni, HTM, linachota Mto Pangani upande wa Korogwe, na mradi wa miji 28, uliosainiwa Juni 2022 kwa mkopo wa India, unahusisha Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Maji ya mto yaliyotibiwa yana tabia tofauti na ya kisima, na mto wenyewe hubadilika kati ya masika na kiangazi. Usishangae povu la mwezi wa nne kutofanana na la mwezi wa tisa.

Kwa anayebaki na lambo, mbegu za mlonge zilizotwangwa hukusanya tope likazama, jambo linalosaidia, lakini maji meupe bado si maji salama. Yatulize, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uchemshe au utie dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Ukitia klorini kwenye maji yenye tope, tope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu.

Na kipimo kinachostahili fedha ya familia si cha kalsiamu. Kwa kisima kinachonywewa na watoto, cha kwanza kuulizia ni vijidudu vya kinyesi, cha pili naitreti, ambayo ikizidi miligramu 50 kwa lita inaweza kumbana hewa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo, na ambayo kuchemsha kunaikoleza, kisha floridi. Anza na ofisi ya RUWASA ya wilaya au kamati ya maji ya kijiji, na uliza kwanza kama kisima chenu kilipimwa kilipochimbwa, kwani majibu yanaweza kuwa yamelala kwenye faili. Sampuli ya vijidudu huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa inayotolewa na maabara, haisuuzwi, haishikwi mdomoni, inawekwa kwenye baridi na kufika maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Chupa ya soda iliyosafirishwa na bodaboda juani kutwa itatoa jibu, lakini litakuwa jibu la chupa.