MZIGO WA WAZEE, MABEGA YA NANI?

Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Autazamaye haoni uzito wake. Aubebaye ndiye ajuaye. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyozipokea habari zitokazo Japani, ya kwamba watu wa nchi ile wanapungua mwaka hadi mwaka. Tunazisoma, tunatikisa kichwa, kisha tunafungua ukurasa wa michezo. Sisi tuna watoto tele, husema msomaji; madarasa yetu yamefurika; hayo ni maradhi ya matajiri.

Twasema leo kwamba fikira hiyo si sahihi, na kwamba gharama ya kuikalia italipwa na vijana ambao hivi sasa wako shuleni.

Kwanza tuangalie hesabu. Japani ilifikia kilele chake karibu na mwaka 2008, ilipokuwa na watu kiasi cha milioni 128. Tangu hapo imekuwa ikiteremka. Mwaka 2024 walizaliwa Wajapani 686,000 na wakafa milioni 1.6, yaani katika mwaka mmoja tu taifa lilipungukiwa na watu zaidi ya laki tisa. Katika kila watu 10, karibu 3 wamefikia miaka 65 au wameipita. Mwaka 1963 serikali ilianza desturi njema ya kumtunukia kikombe cha fedha halisi kila atimizaye umri wa miaka 100. Nchi nzima wenye umri huo walikuwa 153. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 95,000. Lakini tangu mwaka 2016 gharama ilikwisha kuwa kubwa mno, na vikombe vikawa vya madini mengine, vimepakwa fedha juu tu. Msomaji anaweza kucheka, nasi tulicheka. Lakini serikali inayopunguza fedha katika kikombe cha mzee itapunguza na mengine.

Hata hivyo hesabu za nchi nzima hazimwonyeshi mtu sura ya jambo. Afadhali twende katika mji mmoja. Yubari ni mji wa makaa ya mawe katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Mwaka 1960 ulikuwa na watu wapatao 117,000. Kisha mafuta ya petroli yakachukua mahali pa makaa, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ulifungwa mwaka 1990. Vijana wakaondoka. Wakuu wa mji, badala ya kukubali kwamba mji umekuwa mdogo, walikopa fedha wakajenga viwanja vya starehe, hoteli, na mahali pa mchezo wa kuteleza juu ya theluji, wakitumaini kwamba watalii watalijaza pengo la wachimba migodi. Hawakulijaza. Mwaka 2007 mji uliwekwa chini ya uangalizi kama mfilisika, ukiwa na deni la yen bilioni 35 hivi.

Yaliyofuata twaomba yasomwe polepole. Hospitali ya mji yenye vitanda 171 iligeuzwa zahanati yenye vitanda 19. Shule za msingi ziliunganishwa ikabaki moja, na za juu yake vivyo hivyo. Maktaba ikafungwa. Watumishi wa mji wakapunguzwa karibu nusu, na waliobaki wakakatwa mishahara. Kodi na ada zikapanda. Mwaka 2019 njia ya reli iliyokuwa ikiingia mjini ikafungwa. Leo watu wa Yubari hawafiki 7,000, na zaidi ya nusu yao ni wazee. Matikiti yao matamu yangali na sifa ile ile. Mwaka 2019 matikiti mawili tu yalinunuliwa mnadani kwa yen milioni 5. Lakini tikiti halimuuguzi mgonjwa.

Atatokea mtu aseme kwamba Yubari iliangushwa na makaa, wala si na uzazi. Ni kweli, nasi hatukatai. Tunachosema ni kwamba makaa yaliifanyia Yubari kwa haraka yale ambayo uzazi haba unazifanyia wilaya nyingi polepole. Bomba la maji lililotandazwa kwa nyumba 1,000 haliwi fupi nyumba zikibaki 100. Daraja haliwi jembamba. Na mtu anapohama au kufa, haondoki na fungu lake la deni, analiwaachia waliobaki. Kwa hiyo nchi inapopungukiwa na watu, si kwamba kila mmoja anapata nafasi zaidi ya kunyoosha miguu, bali kila mmoja anajikuta na sehemu kubwa zaidi ya barabara ya kutengeneza na ya mgonjwa wa kumlisha. Hesabu ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba Japani ina nyumba milioni 9 zisizokaliwa na mtu, na kila mwaka shule za serikali zipatazo 450 hufungwa milango.

Wapo wanaoshangilia. Husema kwamba dunia imeelemewa, na watu wakipungua misitu itarudi na hewa itatakata. Katika hilo kuna ukweli, na si haki kuwadharau wasemao hivyo. Misitu imerudi kweli katika vijiji vya Japani vilivyoachwa. Dubu nao wamerudi, hata mwaka 2023 watu zaidi ya 200 walishambuliwa, na kupungua kwa watu mashambani ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Kosa la hoja hii ni kudhani kwamba watu wakipungua hupungua wa umri wote kwa kiasi kimoja. Sivyo. Wanaopungua kwanza ni watoto, kisha vijana, na wazee huendelea kuongezeka kwa miaka mingi kabla nao hawajapungua. Katika muda huo wote mzigo hukua huku mabega yakipungua.

Jambo la kustaajabisha ni upesi wa mageuzi haya. Mwaka 1968 kitabu cha Paul Ehrlich wa Marekani kiliwatia watu hofu kwamba wingi wa binadamu ungeleta njaa kuu duniani. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Korea ya Kusini ilikuwa ikiwahimiza raia wake wazae wachache, na wakati ilipoanza kazi hiyo mwanamke wa Korea alikuwa akizaa watoto wapatao 6. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72, yaani wanawake 100 hawazai hata watoto 75. China iliamuru mtoto mmoja tangu mwaka 1980, ikaruhusu wawili mwaka 2016, na watatu mwaka 2021. Mwaka 2022 watu wake wakaanza kupungua. Kuruhusu hakukusaidia kitu.

Japani yenyewe ina kisa kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1966 ulikuwa, kwa kalenda yao ya kale, mwaka wa Farasi wa Moto, na watu waliamini kwamba msichana azaliwaye mwaka huo atakuwa mkali na atamletea mumewe balaa. Uzazi ukaanguka kwa robo nzima, wastani ukawa 1.58, na mwaka uliofuata ukapanda tena. Basi mwaka 1989, bila farasi wala moto, wastani ulifika 1.57, na taifa zima likashtuka. Ushirikina hupita. Lakini mama aliyepima kodi ya nyumba, saa za kazi, ada ya shule na mume asiyeonekana nyumbani kabla ya usiku, akaamua kwamba mtoto mmoja yatosha, huyo harudi nyuma kwa kuhubiriwa. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaotaka mwanamke alaumiwe, au ashurutishwe kuzaa kwa ajili ya taifa. Serikali zilizotia mkono katika jambo hili, kwa kupunguza au kwa kuongeza, zimeonyesha kwamba tumbo la mwanamke halitii amri.

Wala si nchi hizo tatu pekee. Katika makadirio yao ya mwaka 2024, Umoja wa Mataifa walisema kwamba mtu mmoja katika kila wanne duniani anaishi katika nchi ambayo kilele chake kimekwisha kupita. Kwamba watu wa dunia watafikia bilioni 10.3 katika miaka ya 2080 kisha wataanza kupungua; na kwamba kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 2070, wazee wa miaka 65 na zaidi watakuwa wengi kuliko watoto walio chini ya miaka 18. Makadirio si unabii, lakini wazee wa miaka hiyo wamekwisha kuzaliwa. Ni vijana wa leo.

Sasa turudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 3.4. Safari hiyo haikutimiza hata miaka 50. Kwa Tanzania uchunguzi wa mwaka huo huo ulionyesha 4.8, na mijini ni wachache kuliko vijijini. Ni kweli kwamba bado tunaongezeka. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Tutaendelea kuongezeka kwa miongo mingi. Lakini njia tunayoishika ni ile ile waliyopita wengine, na sababu zake ni njema: wasichana wanasoma, watoto wachanga hawafi kama zamani, na wazazi wanataka kumsomesha kila waliyemzaa. Hatulalamiki hata kidogo. Twauliza tu mwisho wa njia kuna nini.

Mzee wa kijijini kwetu hana pensheni. Pensheni yake ni watoto wake. Aliyezaa wanane aligawanya mzigo: huyu alileta sukari, yule alijenga paa, wa tatu alimpeleka hospitali, na asiye na kitu alikaa naye barazani. Mwenye umri wa miaka 20 leo, ambaye atazaa wawili au watatu, atafika miaka 70 katika nusu karne ijayo. Mmoja wa watoto wake atakuwa katika mji wa mbali, mwingine huenda yuko ng'ambo. Huko ng'ambo wanamngoja. Tangu mwaka 2019 Japani imewafungulia wageni wenye ujuzi mlango wa kazi ambazo zamani iliwafungia, na kuwalea wazee ni mojawapo ya kazi hizo. Mwaka 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wafanyakazi. Hatumzuii kijana kwenda kutafuta riziki. Lakini si sawa akatwe mshahara wake miaka mingi kwa ajili ya uzee wa watu wengine, kisha arudi kwao akiwa na mvi na mikono mitupu. Kila mapatano ya namna hiyo yaseme wazi kwamba makato yake ya uzeeni yatamfuata hadi nyumbani.

Na wale wasiokwenda popote, yaani mkulima, mvuvi, machinga, mama lishe? Mifuko yetu ya hifadhi iliundwa kwanza kwa ajili ya mwenye mshahara, nao ndio wachache. Zanzibar ilionyesha njia mwezi wa Aprili mwaka 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi zake 2,000, kwa wazee wa umri huo wasio na pensheni nyingine. Fedha hizo zilikuwa ndogo, na hakuna awezaye kuishi kwazo. Ukubwa wa jambo la Zanzibar ni kwamba mzee hakuulizwa kama aliwahi kuajiriwa.

Twapenda jambo hilo lienee Tanzania Bara na kwa jirani zetu, na lianze sasa, wakati wazee hawajafika hata mmoja katika kila watu 10. Tutaambiwa kwamba nchi bado ni maskini, tungoje. Japani haikungoja. Ilieneza pensheni kwa watu wake wote, wakulima na wenye maduka madogo pamoja nao, mwaka 1961, ilipokuwa bado haijawa tajiri na vijana wake wangali wengi. Mwaka huo mji wa Yubari ulikuwa bado na watu zaidi ya laki moja.