Injini iliyolala na somo tulilolisahau shuleni

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, katika miaka yote niliyofundisha Fizikia kwenye shule za upili za hapa Nyeri. Hata hivyo, ilinibidi nistaafu kwanza, kisha nisimame kando ya kibanda cha fundi mmoja mjini Karatina, ndipo nikatambua kuwa nilikuwa nikiihubiri methali hiyo bila kuitenda.

Kisa chenyewe ni hiki. Maji ya mito yetu ya huku milimani, Chania, Gura na Sagana, huteremka hadi Mto Tana na kuingia katika bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani aliyafuata maji hayo, akaenda kuvua samaki bwawani. Baada ya kupiga makasia kwa miaka kadhaa, alipata habari za injini ya boti iliyokuwa ikiuzwa kwa bei nafuu. Ilikuwa injini ya mapigo mawili, ya nguvu za farasi 15, nayo ilikuwa imelala stoo kwa miaka minne. Kijana alinijia kutaka ushauri. Nami, kwa kujiamini kwa mtu aliyesomesha nadharia ya injini miaka nenda miaka rudi, nikamwambia ainunue. Alikopa fedha katika chama chao, akainunua, akaileta nyumbani kwangu ili tuiwashe pamoja kabla ya kuipeleka bwawani.

Haikuwaka. Tulivuta kamba hadi viganja vikatoka malengelenge. Nikasema kwa sauti ya mwalimu kwamba kosa ni plagi. Tukanunua plagi mpya, haikuwaka. Nikasema basi ni koili. Koili ikaagizwa kutoka Nairobi kwa bei iliyomfanya kijana anyamaze kwa muda mrefu, nayo haikusaidia kitu. Wiki mbili zikapita. Siku ya kulipa chama ikawa inakaribia, nami nilikuwa tayari kumwambia anunue kabureta nzima. Kijana akasema kwa upole, “Mwalimu, naona heri niwauzie watu wa vyuma vikuukuu nipate chochote.” Maneno hayo yalinichoma, kwa maana deni lilikuwa lake na ushauri ulikuwa wangu.

Ndipo jirani akatuelekeza kwa fundi wa Karatina. Huyu si fundi wa boti. Kazi yake ni kutengeneza pampu za maji ambazo wakulima hutumia kando ya mito, misumeno ya mbao na pikipiki. Tulipoishusha injini, alisema waziwazi, “Mwalimu, ya boti sijawahi kuifungua. Lakini mafuta ni mafuta na moto ni moto.” Kisha, badala ya kushika spana, akaketi juu ya debe akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza kwa wiki mbili: “Siku ya mwisho ilipofanya kazi, ilizimwa au ilizimika yenyewe?”

Tukampigia simu muuzaji. Akajibu kuwa ilikuwa nzima, ilizimwa kwa mkono, ikawekwa stoo kwa sababu mwenyewe aliacha kazi ya uvuvi. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitueleza kwamba injini iliyozimika yenyewe ina ugonjwa iliokuwa nao tangu ilipokuwa kazini. Iliyozimwa ikiwa nzima, aghalabu ugonjwa wake ni ule ulioingia wakati wa kulala, yaani mafuta yaliyooza, mpira uliokauka au chuma kilichoshika kutu. Kwa swali moja tu, nusu ya mambo niliyokuwa nikiyakisia yaliwekwa kando, na koili niliyoigharimia fedha za mtu ilikuwa miongoni mwake.

Baada ya hapo alikwenda hatua kwa hatua. Kwanza aliangalia kamba ya usalama ambayo nahodha hujifunga mkononi, maana ikiwa imechomoka, injini haitawaka hata ukivuta mpaka jioni. Ilikuwa mahali pake. Pili alitoa plagi, akadondosha mafuta kidogo ya injini ndani ya silinda, akalizungusha gurudumu la juu polepole kwa mkono, ili pistoni iliyokaa miaka minne isisuguane na chuma kikavu. Tatu aliziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akamwambia kijana avute kamba. Pumzi ikakisukuma kidole chake kwa nguvu. Mgandamizo ulikuwapo. Nne, baada ya kulisogeza tangi la petroli mbali, aliigusisha plagi kwenye chuma cha injini, kamba ikavutwa, tukaona cheche ya buluu. Moto ulikuwapo. Kisha akairudisha ile koili ya zamani, akavuta tena, na cheche ikawa ile ile. Sikusema neno.

“Basi limebaki jambo moja,” akasema. Akaimimina petroli iliyokuwa katika mpira wa mafuta ndani ya chupa. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi huruka hewani, na zinazobaki huungana na hewa na kugeuka utomvu. Haya niliyajua. Nimeyafundisha! Lakini sikuwa nimewahi kuyaunganisha na kile kitundu chembamba kilicho ndani ya kabureta. Fundi alipoifungua, kibakuli chake kilikuwa na ukoko wa kahawia, na kile kitundu kilikuwa kimezibwa kabisa. Alikisafisha kwa dawa na uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Sindano ya chuma aliikataa, akisema ingekipanua kitundu, na injini ingekunywa mafuta kupita kipimo chake.

Hapo ndipo alipofanya jambo la pili lililonifunza. Aliuliza kama injini ilikuja na kitabu chake. Kilikuwapo, kwa Kiingereza, nasi hatukuwa tumekifungua. Akamwomba kijana amsomee. Kitabu kikasema mafuta yachanganywe kwa kipimo cha 50 kwa moja, yaani nusu lita ya oili katika lita 25 za petroli. Kikasema pia kwamba injini isiwashwe kamwe nje ya maji, na kwamba ikishawaka ni sharti maji yaonekane yakirushwa nje kupitia tundu dogo la ubavuni. Fundi akaisimamisha injini ndani ya pipa la maji, akakamua kile kibofu cha mpira cha kupandishia mafuta mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba. Mara ya tatu ikaunguruma.

Nilishangilia kama mtoto. Naye, kabla sijamaliza kushangilia, akaizima. Maji hayakuwa yametoka kwenye lile tundu. Akafungua sehemu ya chini, akatuonyesha kigurudumu cha mpira chenye mabawa ambacho husukuma maji ya kupoza injini. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika na mengine yamekauka kama ngozi ya ng’ombe juani. Lau kazi ile ingekuwa mikononi mwangu, ningalimpongeza kijana, ningalimwacha aende bwawani, na injini ingaliungua siku hiyo hiyo. Kigurudumu kipya kilipopatikana, bei yake haikukaribia hata kidogo bei ya ile koili.

Ndugu msomaji, sikuileta hadithi hii gazetini ili kuwatukuza mafundi na kuwabeza walimu. La hasha! Fundi yule alihitaji kitabu, na aliyemsomea kitabu ni kijana aliyepita darasani. Hoja yangu ni kwamba shule zetu zimewafunza watoto kujibu maswali, lakini hazijawafunza kuyapanga. Hebu tuutazame mtihani wa vitendo wa Fizikia wa KCSE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Mtahiniwa huwekewa vifaa vizima na kuandikiwa hatua za kufuata. Kifaa kikikataa, huinua mkono, naye mwalimu humletea kingine. Katika maabara yangu mimi, kila kifaa kilichoharibika kilitupwa kabatini. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alimaliza kidato cha nne akiijua kanuni ya Ohm kwa moyo, lakini hakuwahi hata siku moja kuulizwa: saketi hii haifanyi kazi, je, utaanzia wapi?

Historia yetu haikosi mifano ya nia njema. Mwaka 1972 watu wa Nyeri walianzisha kwa moyo wa Harambee chuo cha ufundi cha Kimathi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kumpa mtoto ujuzi wa mikono, na wazazi wengi walichangishwa fedha za kujenga karakana. Baadaye masomo hayo yalipunguzwa, na karakana nyingi zikawa stoo. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na sasa tumo katika mtaala wa umilisi, ambao unaahidi jambo lile lile kwa maneno mapya. Hofu yangu ni kwamba tutanunua plagi mpya na koili mpya kabla ya kuuliza kama ile ya kwanza ilizimwa au ilizimika.

Najua walimu wenzangu watasema nini. Watasema madarasa yamefurika, fedha hazitoshi, vifaa ni vichache. Ni kweli tupu, nami siwalaumu. Lakini ninachopendekeza hakihitaji fedha. Katika stoo za shule nyingi nilizozitembelea, kuanzia Othaya hadi Nanyuki, kuna pampu iliyokufa, jenereta iliyonyamaza au kompyuta isiyowaka. Itolewe nje na kusafishwa, mwalimu awepo, na wanafunzi wapewe kanuni moja tu: asiguse mtu spana kabla ya kuandika maswali yake kwa mpango, akianzia lile ambalo jibu lake halina gharama. Wasipofanikiwa kuiwasha, si hoja. Watakuwa wamejifunza kutofautisha wanachokijua na wanachokikisia.

Wengine watasema kwamba si kila mtoto atakuwa fundi. Naam, wala sitaki awe. Lakini daktari mwema humuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini kabla ya kumtuma kupimwa damu. Mkulima wa kahawa ambaye majani yake yamegeuka manjano hujiuliza kuhusu udongo na mvua kabla ya kukimbilia duka la dawa. Anayeruka hatua hiyo hulipa, na aghalabu hulipa kwa fedha za mwingine, kama nilivyofanya mimi.

Nina ungamo la mwisho. Kijana huyu mvuvi alikuwa hodari katika darasa langu mpaka kidato cha tatu, kisha alama zake zikaanguka ghafla. Katika ripoti yake niliandika: “Mvivu. Aongeze bidii.” Nilimbadilishia dawati, nikamwongezea kazi za ziada, nikamwita mzazi ambaye hakufika. Siku ile tukisubiri kigurudumu cha mpira, ndipo nilipomuuliza kilichotokea mwaka ule. Akanieleza kwamba mama yake alikuwa kitandani, naye alikuwa akiamka saa tisa za usiku kukama ng’ombe na kupeleka maziwa kabla ya kuja shuleni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, “Hukuniuliza, Mwalimu.”

Hakusema kwa chuki, na jioni hiyo tulicheka mengi. Lakini nimekaa na jibu hilo kwa majuma kadhaa. Kila mwalimu anayesoma gazeti hili ana darasani mwake mtoto ambaye jana aliwaka vizuri na leo hawaki. Kabla ya kumwandikia ripoti, kabla ya kumwongezea mzigo au kumtafutia shule nyingine, na amwite kando na kumuuliza lile swali la fundi wa Karatina. Nawe mwanafunzi, mwalimu wako akisahau kukuuliza, mwambie.

Injini ipo Masinga sasa. Deni la chama limelipwa nusu. Ile koili niliyomnunulisha ninayo mimi, juu ya meza ninapoandika, na bei yake nimemrudishia.