Lubaina Himid si wa Kupigiwa Makofi tu

Kila jina la Lubaina Himid linapopita kwenye simu zetu, hakosekani mtu wa kuandika chini yake: Mzanzibari mwenzetu huyo! Yanafuata makofi, inafuata bendera, halafu basi, tunarudi kwenye mpira. Ndivyo tulivyomfanyia Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021. Ni wangapi chuoni hapa wamesoma hata kitabu chake kimoja? Msininyooshee vidole, wenzangu, naogopa hesabu hiyo kuliko nyinyi.

Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria yeye akiwa mchanga wa miezi minne, mama yake Mwingereza akarudi naye kwao. Akasomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia, na miaka ya 1980 akaandaa maonyesho ya wasanii wanawake weusi London, wakati ambapo majumba makubwa hayakuwa na habari nao. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, alishinda Tuzo ya Turner. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na mwaka huohuo ndio waandaaji walikuwa wameondoa sharti la kwamba mshindi asizidi miaka 50. Sasa amechaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya 2026. Uingereza, si Zanzibar. Kwa hiyo wanaosema “huyu si wetu” wana hoja yao, na mimi sina haja ya kugombana nao. Swali la ni wa nani linanichosha. Ninachotaka kujua ni kazi yake inatudai nini.

Kuna hoja nyingine, hii ya kantini, kwamba sanaa za aina hii ni kuwachezea watu akili. Mtu anakata ubao, anaandika karatasi, anaita sanaa, eti wazo ndilo kazi yenyewe. Mwenzangu mmoja aliniambia hata mdogo wake anaweza. Sawa, lakini mwenye kusema hivyo kalelewa na mama mwenye kanga sandukuni. Mimi natoka Fundo, kile kisiwa chembamba kilicholala mbele ya Wete, ambako safari yoyote ya mjini inaanza na boti, na hakuna mtu kule aliyewahi kufundishwa sanaa ya wazo darasani. Ila mpe bibi yeyote wa Fundo kanga, kabla hajaangalia rangi ataisoma jina. Anajua nani avae ipi mbele ya nani, ipi ya kumpa wifi na ipi ya kumpa mke mwenza, na anajua kwamba kanga ileile siku ya harusi inasema jambo moja na siku ya ugomvi inasema jingine. Mji na pindo ni mapambo. Kazi yenyewe imo kwenye jina, na kwenye nani kampa nani, lini. Kama hiyo si sanaa ya wazo, basi niambieni ni nini.

Himid kaijua kanga hiyohiyo. Mwaka 2018, kwenye jumba la Baltic huko Gateshead, alitundika vitambaa vikubwa vya mtindo wa kanga vyenye maneno ya waandishi weusi kama James Baldwin na Audre Lorde. Kaondoka mchanga kabisa, na bado kilichomfuata ni kanga. Sisi tunayo tunafungia mizigo.

Lakini kazi iliyonifanya niandike makala hii ni nyingine. Mwaka 2004 alitengeneza watu 100 wa mbao, kila mmoja na kimo cha mtu kamili, wamepakwa rangi: wapiga ngoma, mafundi viatu, wachora ramani, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wafundisha mbwa. Aliiita Naming the Money. Ni Waafrika waliochukuliwa utumwani kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya. Ukizunguka nyuma ya kila mmoja unakuta karatasi ya mahesabu, ankara hasa, na juu yake maneno machache: jina lake la kweli, jina alilobandikwa na waliomnunua, alichokuwa akikifanya kwao, anachofanyishwa sasa, na kile kidogo alichobaki nacho ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Huwezi kumuona vizuri bila kuzunguka nyuma. Leo kazi hiyo ipo chini ya makumbusho ya Liverpool, mji uliotajirika kwa meli za watumwa.

Sasa tuje kwetu. Tukisema utumwa Zanzibar, mawazo yanakwenda Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko, pale watalii wanapopelekwa. Pemba haitajwi. Na Pemba ndiko kulikokuwa na mashamba! Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, kwa hiyo uzito wa zao ukahamia kwetu, na mikono ya kuchuma ikahitajika zaidi. Soko lilifungwa 1873 kwa mkataba, ila majahazi yaliendelea kuleta watu kwa siri kwenye hori zetu. Mwaka 1881 nahodha wa manowari ya Waingereza, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akijaribu kulikagua jahazi moja la namna hiyo. Nahodha ana jina. Waliokuwa chini ya sitaha hawana.

Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia ya serikali akalipwa bwana wake. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Hebu fikirini: mtu, na kando yake kiasi cha fedha, na fedha hiyo si yake. Himid angeitambua karatasi hiyo bila ya mkalimani.

Najua nitakachojibiwa, maana hata mjomba angenijibu hivyohivyo: mwanangu, hayo yaache, utawatia watu fitina. Simdharau. Kwetu mtu anaweza kukataliwa posa kwa neno moja la nasaba, na neno hilo likishatoka mdomoni halirudi. Mwanafunzi wa historia akienda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani akarudi na orodha ya majina na vijiji, kuna familia zitaumia, na si zile zilizonunua.

Ndipo ninapoona msanii ana mlango ambao mwanahistoria hana. Wale 100 wa Himid aliwabuni mwenyewe. Hakuna bibi wa mtu aliyeanikwa, hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole, na bado kila mmoja ana kazi, ana kwao, ana kitu alichokipenda. Tunaweza kuwapa waliochuma karafuu zetu majina bila kumuuliza yeyote babu yake ni nani.

Kwa hiyo ninachoiomba serikali ya wanafunzi ni kidogo. Kwenye maonyesho ya utamaduni ya mwaka huu tumeshaona za kutosha ngoma na mavazi ya kupigia picha. Tupeni ukuta mmoja wa kantini. Waje wa sanaa, waje wa historia, waje na wa Kiswahili, tununue vitambaa vyeupe, kila kimoja tukichore pindo na mji, na mahali pa jina aandikwe mtu: aliitwaje kwao, aliitwaje Pemba, alijua kufanya nini kabla ya karafuu. Mzunguko wa nyuma tuuache wazi, mtu apite asome. Boom likitoka mimi nanunua vitambaa viwili, na wa kwanza nimeshaanza kumchora. Kwao alikuwa fundi wa kuwamba ngoma. Jina bado namtafutia.